Roma na watoto watatu pamoja na bibi yao: tupange vipi ili fedha itoshe?

MamaWatatu aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Tunapanga kwenda Roma mwakani tukiwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto wetu wenye umri wa miaka 13, 9 na 4, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu bila kupumzika. Tumekusudia kukaa siku sita mjini humo humo, kwa kuwa tungependa watoto waujue mji mmoja vizuri kuliko kuipitia miji mitano mbio mbio.

Fedha tuliyo nayo tumeiweka kidogo kidogo kwa muda mrefu, na tumekubaliana kwamba hatutakopa ili kuiongezea. Nauli ya ndege itachukua sehemu kubwa, kwa hiyo swali langu ni namna ya kuigawa itakayobaki. Nikisoma matangazo ya mawakala naona ziara za kuongozwa ambazo, ukizidisha bei yake mara sita, zinamaliza bajeti yote kabla ya siku ya tatu. Hata hivyo, sitaki kuwapeleka watoto mbali kiasi hicho kisha waishie kuyatazama magofu kutoka nje ya uzio. Mkubwa amesoma habari za Warumi shuleni na kila siku anauliza kuhusu Colosseum, ule uwanja wao wa kale wa mapigano, wa kati anapenda kuchora kuliko kitu kingine chochote, na mdogo akiona maji popote hataki kuondoka.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie kujua ni wapi panastahili kulipiwa na wapi tunaweza kuingia bila malipo, mtaa gani wa kulala unafaa kwa familia, na namna ya kula bila kuingia mgahawani mara tatu kwa siku. Viza tunaihitaji, kwa hiyo mwenye kujua gharama zake anieleze pia.

Mpenda_Magofu alijibu:

Karibu dada. Nianze na jambo ambalo mawakala hawalisemi kwa sauti: nchini Italia, makumbusho na maeneo ya kale yanayomilikiwa na serikali hayamtozi kiingilio mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, awe raia wa nchi yoyote ile. Maana yake ni kwamba katika Colosseum, hekalu la kale la Pantheon, ngome ya Castel Sant'Angelo na magofu ya Ostia Antica, familia yako ya watu sita italipia watu wazima watatu tu. Usitegemee punguzo kwa ajili ya umri wa mama, kwa sababu tangu Julai 2014 wenye zaidi ya miaka 65 hulipa kiingilio kamili kama watu wazima wengine.

Tiketi ya kawaida ya Colosseum ni takribani yuro 18 kwa mtu mzima, na ndani yake mnapata pia Jukwaa la Kirumi (magofu ya uwanja mkuu wa mji wa kale) na kilima cha Palatine, ambavyo vyote vimepakana. Inunueni katika tovuti rasmi ya eneo lenyewe. Tiketi hufunguliwa takribani siku 30 kabla ya siku ya kuingia, na katika miezi yenye wageni wengi zile za asubuhi huisha upesi sana. Watoto nao lazima waagiziwe tiketi zao za bila malipo katika oda hiyo hiyo, kwa sababu kila tiketi ina jina na kila anayeingia anahesabiwa. Chukueni pasipoti za wote, za watoto zikiwemo, maana mlangoni huwa wanalinganisha majina.

Tiketi hiyo hudumu saa 24, na hapo ndipo familia yenye bibi na mtoto mdogo inapopata nafuu ambayo wengi hawaitumii. Ingieni Colosseum alasiri, jua likiwa limepungua makali, mkalale, kisha asubuhi yake mwende Jukwaa la Kirumi na Palatine mkiwa na nguvu mpya. Ukivifanya vyote kwa mkupuo mmoja, mtoto wa miaka 4 atakuwa amechoka kabla hamjafika nusu, na wewe utakuwa umelipia magofu ambayo hukuyatazama. Ndani ya Colosseum kuna lifti, kwa hiyo bibi asibaki nje kwa kuogopa ngazi.

Kwa mwanao mkubwa, kabla hamjaingia, mzungushe upande wa kaskazini ambako ukuta wa nje bado umesimama hadi juu. Juu ya matao ya chini utaona namba za Kirumi zilizochongwa kwenye jiwe, na bado zinasomeka. Jengo lilikuwa na milango 80, na mtazamaji wa enzi za Mfalme Titus, aliyelizindua mwaka 80, aliingia kwa kufuata namba ya lango lake. Mwambie atafute namba moja baada ya nyingine na azisome kwa sauti. Hakuna ziara ya kuongozwa itakayomfunza zaidi ya hapo kwa dakika kumi za mwanzo.

Kuna pia Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, ambapo maeneo haya ya serikali hayatozi mtu yeyote. Katika hali yenu mimi nisingeshauri muitumie kwa Colosseum, kwa sababu siku hiyo foleni ni ndefu mno na kinachookolewa ni viingilio vya watu watatu tu. Siku hiyo itumieni kwa mahali penye watu wachache. Zile kadi za watalii zinazojumuisha usafiri na viingilio nazo zipigieni hesabu kabla ya kununua: zimepangwa kwa ajili ya mtu mzima anayeingia makumbusho mengi kwa siku chache, na ukimnunulia mtoto ambaye tayari anaingia bila malipo, umeitupa fedha.

Mkoba_Mwepesi alijibu:

Nitagusia viza, kufika na kulala.

Viza ya Schengen ya muda mfupi, ambayo ndiyo ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyefikisha miaka 12. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa yuro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Kwa familia yenu, watu wanne watalipa ada kamili, yaani ninyi wawili, bibi na kijana wa miaka 13. Wa miaka 9 atalipa nusu, na mdogo hatalipa. Jumla ni yuro 405, kabla ya ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi, kama ubalozi unatumia kituo cha namna hiyo. Ongezeni bima ya safari ya kila mmoja, ambayo sharti igharimie matibabu hadi yuro 30,000 kwa uchache. Fedha hii ya viza hairudishwi mkinyimwa, kwa hiyo msilipe chochote kingine kisichorudishwa hadi pasipoti ziwe mikononi mwenu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla yake, lakini mwenye watoto asisubiri dakika za mwisho.

Kuhusu malazi, watu sita katika hoteli ni vyumba viwili au vitatu, na hapo ndipo bajeti nyingi za familia huvunjika. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni nyumba ya kupanga yenye jiko na mashine ya kufulia, iliyo nje kidogo ya kitovu cha mji lakini karibu na kituo cha metro, yaani treni ya chini ya ardhi. Mitaa iliyo karibu na vituo vya San Giovanni na Re di Roma katika mstari A ni ya wakazi wa kawaida, na kutoka hapo treni ile ile inakupeleka Termini (kituo kikuu cha treni), Barberini, Spagna na Ottaviano iliyo karibu na Vatikani, bila kubadilisha. Njia ya pili ni nyumba za wageni zinazoendeshwa na watawa. Roma ina nyingi kwa sababu ya mahujaji, na wengi wao hupokea familia za dini yoyote. Vyumba ni vya kawaida na safi, mara nyingi kifungua kinywa kimo, na mlango hufungwa saa maalumu ya usiku, jambo ambalo kwa wenye watoto wadogo si tatizo hata kidogo. Popote mtakapochagua, ulizeni kama kuna lifti, maana majengo mengi ni ya zamani na neno “ghorofa ya tatu” ni zito kwa magoti ya mama.

Wekeni pia kando kodi ya mji, ambayo hulipwa kwa kila mtu kwa kila usiku na mara nyingi haimo katika bei mnayoiona mtandaoni. Kiwango hutegemea daraja la malazi, kuanzia yuro chache hadi yuro 10 kwa hoteli ya nyota tano. Watoto walio chini ya miaka 10 wamesamehewa, kwa hiyo ninyi mtalipia watu wanne. Kwa siku sita kodi hiyo si kitu kidogo, na aliyesahau kuihesabu huikuta mapokezini.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino kuna treni ya moja kwa moja hadi Termini ya yuro 14 kwa mtu mzima, na kuna treni ya kawaida ya FL1 ya yuro 8 ambayo haifiki Termini bali hupita Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Angalieni kwanza mnalala wapi ndipo mchague. Teksi halali, ambayo ni nyeupe, ina nauli maalumu iliyopangwa na manispaa kati ya uwanja na ndani ya kuta za kale za mji, na nauli hiyo ni ya gari, si ya kichwa. Kwa watu sita na mizigo mtahitaji gari kubwa, basi ulizeni bei kabla ya kupanda.

Mjini, tiketi moja ya basi, tramu na metro ni yuro 1.50 na hudumu dakika 100, na mtoto aliye chini ya miaka 10 akiwa na mtu mzima hasafiri kwa tiketi. Mnaweza pia kugusisha kadi ya benki kwenye mashine, ila kila mtu na kadi yake, kwa kuwa kadi moja haiwalipii watu wawili katika safari moja. Shikeni mikoba yenu mbele ya kifua, hasa katika basi namba 64 linalotoka Termini kwenda upande wa Vatikani, ambalo limejulikana kwa wachomoaji kwa miaka mingi.

JikoniKwetu alijibu:

Dada, mengi yamesemwa. Mimi nitazungumzia tumbo.

Kwanza maji, kwa sababu familia ya watu sita inayonunua chupa kila kona inaweza kutumia fedha ya mlo mzima kwa kiu tu. Roma ina mabomba ya chuma ya barabarani yapatayo 2,500, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake ni ya kunywa, baridi, na yanatiririka mchana na usiku. Wenyeji huyaita nasoni. Juu ya mdomo wa bomba, pale linapopinda, kuna kitundu kidogo. Ukiuziba mdomo kwa kidole, maji huruka juu kupitia kitundu hicho na unakunywa bila kuinama sana wala kuhitaji kikombe. Kwa huyo mdogo wako apendaye maji, nakuhakikishia kwamba kila bomba litakuwa kivutio cha utalii. Kila mmoja abebe chupa yake, na wewe ubebe fulana moja ya akiba.

Kuhusu chakula, asubuhi kuleni mlikolala. Mchana tafuteni maduka yanayouza piza ya vipande. Huoni vipande vilivyokatwa tayari. Piza imekaa kwenye sinia refu la mstatili, na muuzaji anaweka kisu juu yake akisubiri umwonyeshe mahali pa kukata, unamwambia asogeze huku au kule, kisha anakata, mara nyingi kwa mkasi, na kuipima kwenye mizani. Bei iliyobandikwa ni ya kilo, au ya gramu 100, kwa hiyo isome vizuri kabla hujaagiza. Kila mtoto atachagua anachokitaka na hakuna atakayeacha nusu sahani. Waulizie pia supplì, donge la wali lililopikwa na nyanya, likatiwa jibini katikati na kukaangwa. Mawili yanamtosha mtoto wa miaka 9.

Kahawa na vinywaji vina bei mbili katika sehemu nyingi, moja ya kunywa umesimama kaunta na nyingine ya kuketi mezani, na katika viwanja maarufu tofauti yake inauma. Mkiamua kuketi mgahawani kwa chakula cha jioni, tembeeni mitaa mitatu au minne kutoka Piazza Navona au chemchemi ya Trevi. Angalieni chini kabisa ya orodha ya vyakula kama kuna malipo ya mkate au ya meza kwa kila kichwa, kwa sababu mkiwa sita yanakuwa sawa na bei ya sahani moja zaidi. Mhudumu anayesimama mlangoni akiwaita wapita njia, mimi humpita.

Mkiwa na jiko, supamaketi itawapa tambi, mchuzi wa nyanya, mboga na matunda kwa jioni nyingi. Nasema haya kwa dhati: baada ya siku nzima ya kutembea, watoto hufurahi zaidi kula wakiwa wamevua viatu kuliko kusubiri sahani mgahawani saa tatu usiku.

MamaWatatu aliandika:

Ahsanteni sana nyote. Nimekwisha kuandika upya jedwali letu la fedha, na kwa mara ya kwanza linaonekana linawezekana. Kilichonipa moyo zaidi ni hilo la watoto kutolipa kiingilio, kwa sababu nilikuwa nimewahesabu wote watatu kama watu wazima.

Yamebaki mawili. La kwanza ni Vatikani. Mama yangu ni Mkatoliki, na kwake yeye safari hii bila kuingia Basilika la Mtakatifu Petro haina maana. Je, inatupasa kulipia pia Makumbusho ya Vatikani kwa watu wote? La pili ni siku ambazo mama atakuwa amechoka. Nahitaji mahali pa kwenda pasipo na mwendo mrefu wala gharama, lakini wa kati naye apate cha kuchora.

Babu_wa_Ramani alijibu:

Mwanangu, umeuliza vizuri, na la mama yako ndilo jepesi kuliko yote. Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure. Kinachogharimu ni foleni ya ukaguzi wa usalama, na dawa yake ni kufika mapema, milango inapofunguliwa saa moja asubuhi, kabla makundi ya mabasi hayajashuka. Epukeni Jumatano asubuhi, kwa kuwa siku hiyo kwa kawaida Papa hukutana na mahujaji uwanjani na watalii huzuiwa kuingia hadi mkutano uishe. Isipokuwa kama mama angependa kuhudhuria mkutano wenyewe, ambao tiketi zake hazilipiwi. Mabega na magoti ya wote yawe yamefunikwa, hata wakati wa joto, la sivyo mtarudishwa mlangoni. Ndani, upande wa kulia mara tu mnapoingia, kuna Pietà ya msanii Michelangelo, sanamu ya Bikira Maria akimpakata Yesu, nyuma ya kioo. Kupanda kwenye kuba ndiko kunakolipiwa, na kuna ngazi 551. Ipo lifti ya kuwafikisha kwenye paa, lakini kutoka hapo zinabaki ngazi 320, nyembamba na zenye kuinama pembeni. Hapo mama akae chini na mdogo.

Kuhusu Makumbusho ya Vatikani, hiyo ni nchi nyingine, na ile sheria ya Italia ya walio chini ya miaka 18 haiwahusu. Aliye chini ya miaka 7 haingii kwa malipo, lakini wakubwa wake wawili watalipa bei ya nusu au zaidi kidogo, na kila mtu mzima hulipa takribani yuro 25 ukijumlisha ada ya kuagiza mtandaoni. Njia ya kutembea humo ni ndefu, imejaa watu, na Kanisa la Sistine liko karibu na mwisho wake. Jumapili ya mwisho ya mwezi kuingia ni bure, ila umati wake haufai kwa mwenye magoti mabovu wala kwa mtoto wa kubebwa. Ningekuwa mimi, nisingewaingiza wote.

Sasa la pili. Watu wengi hawajui kwamba makanisa ya Roma ni makumbusho yasiyo na mlango wa tiketi. Katika San Luigi dei Francesi, hatua chache kutoka Piazza Navona, kuna michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo. Kanisa lina giza, na pembeni kuna kisanduku ambamo ukitumbukiza sarafu taa huwaka kwa muda mfupi. Watu hungoja mtu wa kwanza atoe sarafu, kisha wote husogea. Katika San Pietro in Vincoli, karibu na Colosseum, kuna sanamu ya Musa ya Michelangelo.

Lakini kwa mtoto anayechora, mpeleke kanisa la Sant'Ignazio. Mwambie atafute duara la jiwe la rangi lililowekwa sakafuni, asimame juu yake, na atazame juu kuelekea altare. Ataona kuba refu lenye nguzo na mwanga. Kisha aanze kutembea taratibu kuliendea, macho yakiwa juu, na ataona nguzo zinaanza kulala na kuba zima linapinda, kwa sababu halipo. Ni turubai bapa lililochorwa na Mjesuiti Andrea Pozzo mwaka 1685, lenye upana wa mita 17 hivi, likawekwa mahali ambapo kuba la kweli halikujengwa. Mpe daftari na nusu saa. Bibi atapata benchi, na hakuna atakayelipa hata senti.

Kutoka hapo hadi Pantheon ni mwendo wa dakika tano. Kiingilio ni yuro 5 kwa mtu mzima tangu Julai 2023, na watoto wako hawalipi. Kuba lake lina kipenyo cha mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni kimo hicho hicho. Tundu la juu liko wazi, la upana wa karibu mita 9, na mvua ikinyesha huingia moja kwa moja na kutokomea katika vitundu vilivyotobolewa kwenye marumaru ya sakafu. Mkikuta siku ya mvua, msikimbilie nyumbani, nendeni Pantheon.

Mpenda_Magofu alijibu:

Babu, shikamoo. Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, lakini kuhusu Makumbusho ya Vatikani nina maoni tofauti kidogo. Kijana wa miaka 13 ambaye amesoma historia, na ambaye huenda asirudi Roma hadi awe na fedha yake mwenyewe, asinyimwe dari la Kanisa la Sistine ambalo Michelangelo alilichora kati ya 1508 na 1512, eti kwa sababu mdogo wake ana miaka 4. Gawaneni. Baba na huyo mkubwa waende makumbusho asubuhi wakiwa na tiketi mbili tu, na wengine wabaki basilikani na mama bila haraka, kisha wote mkutane uwanjani. Ninaamini kabisa kwamba familia hailazimiki kuona kila kitu ikiwa pamoja, na kiingilio cha watu wawili wanaotaka kwelikweli ni fedha iliyotumika vyema kuliko cha sita, wanne kati yao wakitamani kutoka.

Ningependa pia muiweke Ostia Antica kwenye orodha, hasa kama mmepanga kutumia Jumapili ya kwanza ya mwezi. Huu ulikuwa mji wa bandari wa Roma, na treni ya kwenda huko kutoka kituo cha Porta San Paolo, kando ya metro ya Piramide, hutumia tiketi ile ile ya yuro 1.50 kwa mwendo wa nusu saa hivi. Kuna nafasi ya watoto kukimbia, kuna misonobari ya kivuli, na kuna ukumbi wa michezo ambao unaketi juu ya ngazi zake. Nyuma ya ukumbi huo kuna uwanja uliozungukwa na ofisi za wafanyabiashara wa kale, na mbele ya kila ofisi kuna picha ya vijiwe sakafuni ikionyesha biashara au mji wao: meli, mnara wa taa, pomboo. Wafanyabiashara wa Sabratha, katika Libya ya leo, waliweka tembo. Wa kati atakuwa na cha kuchora hadi penseli iishe. Msikose vyoo vya umma, ambavyo ni benchi refu la marumaru lenye matundu yaliyopangwa mstari bila ukuta wa kutenganisha mtu na mwenzake. Hapo hata mdogo atataka kuelezwa historia. Jumatatu pamefungwa. Njia ni za mawe makubwa yasiyo sawa, kwa hiyo mdogo abebwe mgongoni badala ya kusukumwa kwenye kigari, na mama asiende mbali zaidi ya ukumbi wa michezo.

MamaWatatu aliandika:

Shikamoo Babu, na ahsante kwa moyo wote. Mume wangu amelisoma hilo la kugawana na amekubali kabla sijamaliza kumweleza. Mama naye ameomba Jumatano ya mkutano wa Papa, kwa hiyo tutaipanga basilika siku nyingine. Swali la mwisho: tuanze kulipia nini, na tuende mwezi gani, ikiwa shule zinatupa nafasi ama Agosti ama Novemba?

Mkoba_Mwepesi alijibu:

Novemba, bila kusita. Agosti joto hupita nyuzi 30 siku nyingi, wenyeji wengi hufunga biashara zao ndogo kuzunguka sikukuu ya tarehe 15, na mtoto mdogo na mtu mzima mwenye umri mkubwa hawawezi kuwa nje kati ya saa sita na saa kumi. Novemba malazi hushuka bei na foleni hupungua. Kasoro zake ni mbili: mvua, na giza linaloingia mapema, kwa kuwa baada ya saa kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, Colosseum hufungwa takribani saa kumi na nusu jioni. Ule mpango wa kuingia alasiri uanze basi saa saba au nane mchana. Chukueni makoti ya mvua, si miavuli sita.

Kuhusu mpangilio wa malipo, agizeni kwanza malazi yanayoweza kufutwa bila gharama, kwa sababu ubalozi utataka uthibitisho wa mahali mtakapolala. Kisha viza na bima. Pasipoti zikirudi, lipieni ndege ikiwa mlikuwa mmeishikilia nafasi tu, na wekeni alama kwenye kalenda siku ile ya 30 kabla ya tarehe yenu ya Colosseum, mtu mmoja awe tayari kwenye kompyuta na majina yote sita yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti. Tiketi mbili za Makumbusho ya Vatikani zifuate wiki hiyo hiyo. Tiketi za mkutano wa Papa huombwa kwa barua kwa ofisi ya Vatikani inayohusika, au kupitia parokia yenu, na mwombe mapema.

Siku moja kati ya sita iacheni tupu kabisa, bila tiketi yoyote yenye saa. Kama mvua imewaharibia Ostia, mtaitumia kurudi. Kama kila mtu yuko salama, pandeni kilima cha Gianicolo kwa basi kabla ya saa sita mchana. Kila siku adhuhuri mzinga hupigwa hapo, desturi iliyo mahali hapo tangu 1904, na kutoka ukutani mtauona mji wote, makuba yake yote, bila kulipa chochote. Mzibeni mdogo masikio.